Uzio wa Nguzo za Mkonge

Kuchunga ng'ombe pasipo uzio ni kazi ya kupiga kelele. Hilo watu wa mjini hawalijui. Wanafikiri mchungaji ni mtu mkimya aliyeegemea fimbo anatazama mawingu. Mawingu mimi nayatazama sana, sikatai, lakini wakati ule kila jioni koo langu lilikuwa limekauka kama la mnadi wa samaki.

Tulikuwa wawili. Shamba letu, nasema letu kwa mazoea tu, liko mbele ya Pongwe, nje ya mji wa Tanga. Unaiacha lami, unafuata njia ya udongo mwekundu katikati ya mkonge usiokatwa tena. Zamani pale palikuwa mkonge mtupu. Sasa ni majani, vichaka, lambo moja la maji ya mvua na ng'ombe arobaini na kitu. Mwenye mali ni mzee mstaafu anayekaa Nguvumali, mjini, huja kila Jumamosi. Mimi alinichukua nikiwa na miaka ishirini na elimu yangu ya darasa la saba, inayonitosha kusoma maelezo kwenye chupa ya dawa ya kupe.

Mwenzangu alikuwa mtu mzima, Mdigo wa upande wa Mkinga, aliyeanza kuchunga kabla hajaota ndevu na sasa ndevu zenyewe zilikuwa zinaingia mvi. Damu hatukuchangia hata tone. Babu yangu aliletwa kutoka bara kuja kukata mkonge, na sisi tukazaliwa kambini, Wakatoliki wa kuimba kwaya. Yeye ni wa msikitini. Nilimwita mjomba, naye akaniita mpwa, hatukuona haja ya maelezo zaidi.

Yeye alitangulia kundi, mimi nilifuata nyuma. Katikati yetu vumbi na migongo ya ng'ombe, hatuonani. Kwa hiyo tuliitana.

"Wako wote?"

"Wote, mjomba."

"Yule mwizi?"

Mwizi alikuwa ng'ombe jike mmoja mwenye pembe iliyovunjika, hodari wa kuchepuka.

"Yupo. Ananitazama vibaya."

"Mwambie nakuja."

Basi ndiyo hivyo kutwa nzima. Ukiyasikiliza maneno hayo hayana maana yoyote. Lakini siku ina saa nyingi, na maneno yasiyo na maana ndiyo yaliyokuwa yanaijaza.

Mpakani, upande wa mashariki, alilima Mpemba mmoja. Alikuja huku kutafuta ardhi, akapanda muhogo na ufuta, na ng'ombe wetu wakamwona kama rehema. Kila baada ya siku mbili tatu alikuja na shina la muhogo lililotafunwa, amelishika juu kama ushahidi.

"Leo nimekuja na hasira," alikuwa anasema. "Musinicheke."

"Karibu na hasira yako, kaa hapa," mjomba anamjibu. "Huyu mpwa wangu ndiye aliyelala, mimi nilikuwa mbele."

"Kila siku wewe uko mbele. Huko mbele hakuna macho?"

Anakaa. Anagomba kidogo, anasimulia karafuu za kwao, anakunywa chai yetu ya mkandaa, nyeusi ya kuunguza, anaondoka. Ule ugomvi ulikuwa wa kweli, maana muhogo ni chakula cha mtu. Lakini siwezi kusema kwamba tuliuchukia.

Hatimaye Mpemba alichoka, akaenda mwenyewe Nguvumali kwa mwenye ng'ombe. Jumamosi iliyofuata mzee alishuka kwenye gari na rola za seng'enge, waya ule wa miba, zimefungwa kwa karatasi. Alituita, akatupa mkono, akasema bila kuzunguka:

"Tunazungushia shamba lote. Uzio ukikamilika, mtu mmoja anatosha. Kijana atabaki, miguu yake bado mizima. Wewe mwenzangu goti lako nalijua. Nisamehe."

"Hakuna ubaya, mzee," mjomba akasema.

Nilikuwa natazama zile rola. Ndogo kweli. Huwezi kuamini kitu kidogo vile, unachoweza kukibeba begani, kinaweza kumtoa mtu kazini.

Usiku sikufikiri, nilingoja asubuhi, nikakaa kivulini nikatafuta kwenye simu habari za seng'enge. Mimi nina tabia hiyo, kitu kikinisumbua nakitafuta kilikozaliwa. Nikaona kwamba ilianzia ng'ambo ya bahari, kwenye mbuga zisizo na miti ya kutosha kujengea nyua. Wakulima waliochoka na mifugo ya watu wakasokota nyaya mbili pamoja na kubana miba katikati ili isiteleze. Hicho tu. Kabla ya hapo ng'ombe walizurura nchi nzima na wachungaji waliopanda farasi nyuma yao. Waya ulipofika, nchi ikakatwa vipande. Wakulima wakapata amani, wenye ng'ombe wachache wakapata malisho yao, na wengi wa wale wapanda farasi wakakosa cha kuchunga. Nilimsomea mjomba.

"Wao walipanda farasi?" akauliza.

"Farasi, mjomba, na kofia."

"Na bado wakaachishwa."

"Wakaachishwa."

"Basi sisi wa kandambili tusilalamike."

Nilicheka, halafu nikaona kwamba yeye hacheki.

Tukaanza kazi. Nguzo mzee alikwisha kuziamua: milingoti ya mkonge. Ukiwa mtu wa Tanga huhitaji kuelezwa. Mkonge ukikaribia kufa unatoa mlingoti mmoja mrefu kwenda juu, mnyoofu, mwepesi kubeba, na kwenye mashamba yaliyotelekezwa imejaa ya bure. Kambini tulijengea kila kitu, kuta, mapaa, vitanda, choo, banda la kuku. Mzee naye alizaliwa kambini kama mimi, kabla yangu. Alipoiona milingoti aliona nyumba ya mama yake. Nani angemwambia vingine?

Mjomba aliinua mlingoti mmoja, akaupima kwa mkono, akaugonga kwa nyuma ya panga. Akauweka chini.

"Vipi?" nikauliza.

"Hii ndani ni kama mkate. Ukiichimbia ardhini ikapata mvua, mchwa watakula hadi washibe wawaite na jirani zao. Mwaka hauishi."

"Tumwambie mzee."

"Ameniuliza?"

"Hajakuuliza."

"Basi na mimi sijasema." Akanitazama, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Nyamaza, mpwa wangu. Tusimamishe uzio wake vizuri, mimi niende mjini, Makorora, kwa binti yangu, ninywe kahawa na wazee wenzangu. Ukianguka, utanipigia simu. Mzee atasema, muiteni yule Mdigo. Nitarudi na goti jipya."

Nilifurahi sana. Sijui nikwambieje nilivyofurahi. Nilichimba mashimo kama mtu anayechimbia hazina yake. Mtaimbo wangu, mikono yake, wiki baada ya wiki, kiangazi chote. Seng'enge ina tabia zake. Ukiiachia inarudi kwenye duara lake na kukupiga usoni, kwa hiyo mmoja anavuta kwa gogo na mwingine anagongelea misumari ya kupinda. Kwenye mkonge misumari iliingia laini mno, hata nyundo haikutoa mlio. Mikono yetu ikawa na mikwaruzo mpaka kwenye viwiko. Mjomba alisema sasa tunafanana na watu waliogombana na paka, na paka akashinda.

Nguzo ya mwisho tuliisimamisha karibu na korongo, mpakani na Mpemba. Siku ya pili yake aliondoka, mfuko mmoja wa plastiki na redio. Hakutaka nimsindikize hadi lami, akasema nani atabaki na ng'ombe. Nikasema uzio utabaki nao, ndiyo kazi yake. Akasema, "Bado hawajazoeana."

Walizoeana haraka kuliko nilivyotaka. Ng'ombe anachomwa mara mbili tu, ya tatu anageuka mwenyewe. Mwizi alijaribu siku nne, akakata tamaa, akawa ng'ombe wa kawaida. Nilikaa juu ya kichuguu nikawatazama wanakula, wanakwenda lambo, wanakunywa, wanarudi, bila mtu kuwaambia kitu. Kazi yangu ilikuwa kukamua asubuhi, kumpa kijana wa pikipiki maziwa ya kupeleka Pongwe, kisha kuuzunguka uzio. Kuuzunguka ni saa mbili. Baada ya hapo siku ilibaki kubwa, nzima, haina mahali pa kuishikia.

Ndoto ninazo, hazijapata kunipungukia. Niliota shamba langu mwenyewe, nikalipangia ng'ombe na nyumba ya bati jekundu, mke nikamchagulia sauti na kicheko, nikamwachia Mungu sura. Nilimjengea mjomba chumba cha uani. Yote hayo kabla ya adhuhuri. Wiki ya pili nilijikuta nimeita kwa sauti, "Wako wote?" Ng'ombe wawili wakainua vichwa, wakaendelea kula.

Mpemba alikuwa haji. Nilimwona kwa mbali ameinama kwenye ufuta wake, tukainuliana mikono. Muhogo wake ulikuwa umestawi kuliko wakati wowote. Nilitamani aje, lakini ningemwita kwa jambo gani?

Mjomba alikuwa anapiga simu kila jioni, mwanzoni.

"Uzio?"

"Umesimama."

"Subira, mpwa wangu."

Halafu ikawa mara mbili kwa wiki. Halafu Ijumaa kwa Ijumaa.

Masika ikaja, nchi ikawa kijani ya kuumiza macho. Ilipopita, asubuhi moja niliegemea nguzo nitoe mwiba kwenye kandambili, nguzo ikaondoka na mimi. Chini haikuwa na kitu. Mchwa walikuwa wamekula sehemu yote iliyozama ardhini, na hiyo ya juu ilikuwa inaning'inia kwenye waya ambao yenyewe ilitakiwa kuushikilia. Nilipiga teke ya jirani yake. Nayo hivyo hivyo. Nikakaa chini kwenye majani yenye umande nikacheka peke yangu kwa furaha.

Jumamosi mzee akaja, akauliza kama kawaida yake, "Uzio mzima?"

"Mzima, mzee."

Uongo wangu wa kwanza kwake. Ulitoka mwepesi, kama msumari kwenye mkonge.

Nikaanza kuzihesabu. Kila nikizunguka nilitikisa nguzo, zilizokufa nazikumbuka kwa kichwa. Kumi na moja. Ishirini. Nilikuwa ninangoja zianguke nyingi kwa pamoja, mzee aone kwamba mtu mmoja hawezi, aseme yale maneno. Nikigundua iliyolegea sana niliifungia kamba ya katani kwenye kichaka ng'ombe wasitoke, maana sikutaka Mpemba aliliwe muhogo. Nilijiona nina akili. Sikutaka madhara kwa mtu yeyote. Nilitaka tu mwenzangu.

Vuli ilipoanza, mvua ilinyesha siku mbili mfululizo. Asubuhi ya tatu ng'ombe mmoja alipungua. Mtamba mwekundu mwenye paji jeupe, aliyekuwa bado hajazaa. Mjomba ndiye aliyemtoa tumboni mwa mama yake alipokwama, mkono wote ndani, huku anamwomba radhi mama.

Nilimkuta kule korongoni. Nguzo sita zilikuwa zimelala kwa pamoja, waya umelegea chini kama mtego. Mguu wake wa mbele wa kulia ulikuwa umezungukwa mara tatu. Alikwisha kupigana, udongo wote umechimbuliwa, sasa alikuwa amesimama tu, anatetemeka, anatazama mbele. Hakulia. Ng'ombe anayelia ana nguvu bado.

Nilimshika, akajitupa, miba ikaingia zaidi. Plaizi ya kukatia waya ilikuwa bandani, mbali. Nikimwacha niifuate, ataukata mguu. Basi nikafanya kitu nilichokuwa sijakifanya kwa miezi mingi. Nilipiga kelele kwa nguvu zangu zote kuelekea kwenye ufuta.

Mpemba alikuja anakimbia na panga mkononi, akidhani nyoka. Akaona. Akalitupa panga, akapita palepale nguzo zilipolala, akamkumbatia mtamba shingoni, akambana kichwa kifuani kwake.

"Nenda," akasema. "Mimi nnaye."

Nilipiga mbio nikarudi na plaizi. Nikakata mahali pengi, kidogo kidogo, yeye akimsemesha ng'ombe maneno ya Kipemba ambayo nusu sikuyaelewa. Waya wa mwisho ulipotoka, ngozi ilitoka nao, na chini yake nikaona ule mshipa mweupe wa nyuma ya kifundo, umekatika nusu.

Tulimwosha kwa maji ya chumvi. Baadaye Mpemba akasimama, akaivuta nguzo moja kwa vidole viwili, ikaja.

"Hizi zimeoza tangu lini?"

"Tangu masika."

"Na mwenyewe ajua?"

Akaitazama kamba yangu ya katani kwenye kichaka, akanitazama mimi. Hakuongeza swali. Nikamuuliza mimi, kwa sababu lilikuwa limekaa kooni muda mrefu:

"Mbona ulikuwa huji tena?"

"Nije kudai nini?" akasema. "Muhogo wangu mzima."

Nilimpigia mzee papo hapo, na vidole vyangu vina damu. Nilimwambia yote. Nguzo, mchwa, tangu masika, kwamba nilijua na nikasema uzio mzima.

"Nyumba ya mama yangu ilisimama miaka na miaka kwa nguzo hizo," akasema mzee. Hakuwa na hasira, na hilo lilinichoma zaidi.

"Ile ilikuwa na paa, mzee. Na moshi wa jikoni. Mchwa hawaupendi moshi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka mjomba aitwe."

Akavuta pumzi. Akasema mafundi watakuja na nguzo za zege, na mtamba asiguswe mpaka daktari wa mifugo amwone. Nikajikaza, nikauliza kama mjomba hawezi kuitwa angalau kwa kazi hiyo ya nguzo.

"Mafundi wanakuja na watu wao, kijana. Na zege haliozi. Nimwite aje kufanya nini?"

Ilikuwa bado mimi kumweleza mjomba mwenyewe. Nilisubiri Ijumaa, nikijua atapiga baada ya sala. Alipiga.

"Uzio?"

"Umeanguka, mjomba."

"Aa." Nikamsikia anacheka, na nyuma yake watu wa Makorora, bao linachezwa, mtu anateta. "Si nilikwambia?"

"Mzee anaweka nguzo za zege. Wameshaanza kushusha."

Kicheko kikaisha. Nikaendelea mbele kwa sababu nikinyamaza ningeshindwa. Nikamwambia habari ya mtamba.

"Yupi? Mwekundu?"

"Mwekundu."

"Mguu gani?"

"Wa mbele, kulia. Mshipa umekatika nusu."

"Na wewe nguzo uliziona lini?"

"Tangu masika."

"Ukangoja nini miezi yote hiyo?"

"Nilikuwa nakungoja wewe. Si ulisema ukianguka utarudi?"

Nikasikia ameondoka kwenye kelele za bao, ameingia mahali pa kimya.

"Mpwa wangu," akasema. "Mimi nimepata kazi ya kulinda duka hapa Makorora tangu Mfungo Sita, mwezi wa maulidi. Nakaa kwenye kiti. Goti limepoa. Nilikuwa sirudi, uanguke au usianguke. Siku ile uso wako ulikuwa mbaya, ukishika mlingoti unatetemeka mdomo. Nikasema neno la kukuchekesha ili tufanye kazi."

"Lakini ulikuwa unauliza kila ukipiga simu."

"Ningeuliza nini kingine? Ndiyo habari tuliyokuwa nayo."

Nikasema sawa, mjomba. Akanielekeza nimkande mtamba kwa maji ya moto ya chumvi, nisimfunge mahali pamoja, nimpe majani laini mdomoni kwa sababu hataweza kufuata wenzake. Akataka nirudie maelekezo yote mwanzo hadi mwisho, nikarudia. Akasema alhamdulillahi, akakata.

Mafundi walikaa siku tano. Walikuwa wengi, wacheshi, wakapika ugali kwa sufuria kubwa na kuniita kaka. Walipoondoka waliacha nguzo za kijivu zimepangwa mpaka korongoni, nyoofu, kila moja kama jirani yake. Daktari wa mifugo alisema mtamba hatakufa ila atachechemea. Mzee alitaka ampeleke mnadani, nikamwomba amwache nimlishe mwenyewe, akakubali bila kunitazama.

Kwa hiyo sasa, wenzake wakishatoka, mimi nachukua mundu nakwenda kukata majani kando ya lambo, yale laini yenye maji. Namletea fungu kichwani. Anasikia nyayo zangu kabla sijafika, anainuka kwa miguu mitatu, ule wa nne anauweka chini taratibu kama anayejaribu maji ya moto. Namshikia majani mdomoni. Anakula pole pole, anamaliza, ananusa mikono yangu kama nimeficha mengine. Kisha narudi kukata fungu la pili.